Bwawa la samaki nyuma ya nyumba: uzio kwanza, shimo baadaye



Katika masomo yaliyopita tulifundisha namna ya kuchimba bwawa, kuweka tilapia na kuwalisha. Kisha tukarudi kutembelea familia moja iliyofuata fundisho letu vizuri. Samaki walikuwa wamenenepa. Lakini mama wa nyumba alitueleza kwamba mtoto wake wa miaka miwili aliingia ndani ya maji wakati yeye alikuwa anapika sombe. Mtoto hakulia, hakupiga kelele. Bibi yake ndiye aliyeona nguo nyekundu juu ya maji, akaruka. Mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Yule mama akatuuliza: «Mulitufundisha kila kitu juu ya samaki. Juu ya watoto mulisema nini?»

Tulinyamaza, maana hatukusema kitu. Somo la leo ni jibu letu kwake.

Kwa nini jambo hili ni kubwa?

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300 000 hivi walikufa kwa kuzama majini duniani kote. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Sisi wa Tshopo tunajua kuogopa mto mkubwa na maporomoko ya Wagenia. Maji madogo ya nyumbani hatuyaogopi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama hata ndani ya ndoo. Kichwa chake ni kizito. Akiinama anaanguka kichwa mbele, na hana nguvu ya kujiinua. Tena anazama kimya. Usingoje kusikia kelele.

Hatusemi muache mabwawa. Samaki ni chakula cha watoto hao hao. Tunasema tuchimbe kwa akili.

1. Chagua mahali

Bwawa liwe mahali ambapo mtu wa jikoni analiona bila kusimama. Lisiwe kwenye njia ya kwenda choo au kisima. Lisiwe chini ya choo, ili uchafu usiteremkie ndani.

Jaribu udongo. Chukua udongo wenye unyevu, ufinyange kama mpira, uurushe juu kidogo na kuudaka. Ukivunjika vunjika, mchanga ni mwingi na maji yatapotea. Ukishikamana, endelea.

2. Jenga uzio mbele ya kuchimba

Wengi wanachimba leo na kusema uzio tutaweka samaki wakifika. Lakini kwetu mvua haingoji mtu. Usiku mmoja tu, shimo tupu linajaa maji. Kwa hiyo uzio unatangulia jembe.

Tumia mianzi au miti iliyosimama wima, urefu wa metre 1 na sentimetre 20 au zaidi. Nafasi kati ya mti na mti isipite sentimetre 10. Miti ya kulala, ile ya kufungia, iwe upande wa bwawa. Ikiwa nje, mtoto ataipanda kama ngazi. Usiache kinu, kiti wala bido karibu na uzio.

Mlango ujifunge wenyewe: funga jiwe kwenye kamba, lining'inie na kuvuta mlango kila mara mtu anapopita. Komeo liwe juu, mahali mkono wa mtoto haufiki. Kila mwezi kagua miti, maana mchwa hawalali.

3. Chimba kwa mteremko

Bwawa la metre 10 kwa 10 linatosha kwa parseli. Upande wa juu kina kiwe sentimetre 60, upande wa kutolea maji metre 1. Kingo zisisimame kama ukuta. Kwa kila metre 1 ya kushuka, ukingo ulale metre 2. Hivi ukingo haubomoki, na mtu aliyeanguka anapata pa kukanyaga. Udongo mbichi unateleza, basi panda majani mafupi juu ya kingo na uweke ngazi ya miti ndani ya maji.

Majani marefu kandokando uyakate: yanaficha mbu, nyoka, na mtoto pia.

4. Weka samaki, weka na zamu

Kwa bwawa hili vifaranga 200 vya tilapia vinatosha, yaani 2 kwa kila metre ya mraba. Walishe pumba za mchele na majani laini ya papai, asubuhi na mangaribi. Baada ya miezi 6 hivi unaweza kuvuna.

Uzio hauchungi mtoto peke yake. Kila saa ya mchana mtu mzima mmoja ajulikane kwa jina: «leo mchungaji ni fulani». Dada wa miaka minane si mchungaji, naye ni mtoto. Karibu na mlango tundika mwanzi mrefu na bido tupu la litre 5, lililofungwa vizuri na lenye kamba. Aliye ukingoni anyooshe mwanzi au atupe bido.

5. Mtoto akitolewa majini

Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Unapoteza dakika. Mlaze chali, ita msaada. Kama hapumui, inua kidevu, mpulizie pumzi 5. Kama bado haamki, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi 2, na urudie bila kuchoka. Hata akiamka, mpeleke kituo cha afya siku ile ile.

Maswali ya mkutano

– Katika kijiji chetu, mashimo gani yako wazi: ya matofali, ya visima, ya mabwawa yaliyoachwa?
– Nani hana nguvu ya kujenga uzio peke yake? Tutamfanyia salongo lini?
– Kwenye bwawa lako, mchungaji wa leo ni nani?

Swali la mwisho lisijibiwe «sisi wote». Kazi ya wote mara nyingi haina mwenyewe.