Fundi, Hiyo "Njoo Kesho" Ina Hesabu Yake

Haya wadogo zangu wa cherehani, leo zamu yenu. Wasusi na wauza chipsi mnaruhusiwa kusogea, maana yanayomkuta fundi nguo yanawakuta na ninyi, ila leo nitazungumzia nguo tu.

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, meseji mnazoniletea zinafanana. "Dada, wateja wamenijia juu." "Dada, mteja kaja kuchukua kitambaa chake hata hakijakatwa, halafu kanitangaza kwenye grupu." Na mtaani sifa ya fundi ni moja: muongo. Mimi hilo silikubali. Wengi wenu mkisema "njoo Jumamosi" mnaamini kwa moyo wote kwamba Jumamosi nguo itakuwa tayari. Tatizo ni kwamba tarehe hiyo mmeitoa kichwani, hamkuihesabu.

Nikikuuliza unatoa gauni ngapi kwa siku, unanijibu haraka haraka: mafundi watatu, kila mmoja gauni tatu, jumla tisa. Sawa. Anayekata nani? Wewe. Na wewe huyo huyo ndiye unayepima wateja, unayepokea simu, unayekimbilia zipu na uzi, unayebembelezana na mwenye fremu kuhusu kodi. Ukijitahidi sana unakata sita. Basi ofisi yako inatoa gauni sita, hata kama mafundi wako wangekuwa na mikono minne minne, kwa sababu nguo haimfikii mshonaji kabla ya kupita kwenye mkasi wako. Ndiyo maana ikifika saa tisa alasiri unamkuta mmoja wao anachezea simu, unamwona mvivu, kumbe anakusubiri wewe.

Halafu unaniambia unataka kukopa kwenye kikoba ununue cherehani ya nne. Ya nini, mwaya? Utakuwa na viti vinne vinavyokusubiri badala ya vitatu. Pesa hiyo hiyo, hata nusu yake, mlipe binti wa kupokea wateja na kupima, wewe ubaki na mkasi na meza yako asubuhi nzima. Ukifikisha nane utaona tofauti bila kununua hata sindano. Kwa mwingine kinachobana si mkasi, ni ovaloki moja inayogombewa na watu wote, au pasi kwenye mtaa unaokatika umeme kila jioni. Kaa siku moja uangalie nguo zinarundikana mbele ya nani. Hapo ndipo pa kuweka pesa, na kwingine pote ni mapambo.

Tuje kwenye rafu. Vile vifurushi vya vitambaa vilivyobanwa kwa pini karatasi za majina na vipimo, vishushe vyote uvihesabu, pamoja na vile ulivyovisukuma chini ya meza ili mwenyewe asivione. Tuseme viko 72 na unamaliza sita kwa siku. Gawanya: siku 12 za kazi. Kama unafunga Jumapili, hizo ni wiki mbili kamili. Anayeingia sasa hivi na kitenge chake, kama unafuata zamu, atavaa baada ya wiki mbili, na hakuna tabasamu wala "usijali dada yangu" litakalobadilisha jambo hilo. Profesa mmoja wa Marekani, John Little, alichapisha uthibitisho wa kanuni hii mwaka 1961, na viwanda vikubwa vinaitumia mpaka leo. Wewe unahitaji daftari na kikokotoo cha simu, basi.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi hamlipendi nikilisema: usijaze wiki hadi ukingoni. Najua kila saa ya cherehani kukaa kimya unaiona kama pesa inayopotea. Lakini zaidi ya miaka mia moja iliyopita kulikuwa na Mdenmark, A. K. Erlang, aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen. Alijiuliza swali lenu: laini ngapi na wahudumu wangapi wanatosha ili wapigaji wasisubiri mno? Andiko lake la kwanza lilitoka mwaka 1909, na hesabu za foleni zilizofuata zinatoa picha ya kutisha. Chukua fundi mmoja ambaye wateja humjia bila mpangilio, huyu na suruali ya kupunguza, yule na gauni la harusi. Akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, kwa wastani atakuwa na kazi 4, pamoja na ile iliyo mkononi. Akifika asilimia 90, kazi 9. Akifika 95, kazi 19. Umejiongezea shughuli kidogo tu hapo mwisho, na rundo limeongezeka zaidi ya maradufu.

Kwa hiyo kama uwezo wako ni nguo 36 kwa wiki, pokea kama 30. Zile sita zilizobaki si uvivu. Umeme utakatika, mtoto wa fundi ataumwa, na gauni moja litambana mtu kifuani lirudi lifumuliwe. Utazitumia zote, niamini.

Msimu ndio unaowaua, na ajabu ni kwamba msimu unajulikana. Idd haiji kwa kushtukiza, ila siku yenyewe inategemea mwezi: ukiandama baada ya funga ya 29, kesho yake ni sikukuu, usipoonekana, zinatimizwa 30. Ahadi ya "utachukua siku moja kabla ya Idd" haina tarehe. Jiwekee kukabidhi nguo ya mwisho Ramadhani 27, kisha rudi nyuma kwa daftari: uwezo wako wa siku mara siku zilizopo, hiyo ndiyo idadi. Ikijaa, bandika karatasi mlangoni kwamba nguo za Idd zimefungwa. Anayeleta Shaabani mpunguzie kidogo, anayeleta Ramadhani 15 alipe kamili, na kitambaa kisiingie kwenye rafu bila malipo ya awali. Nusu ya vifurushi vinavyokutesa ni vya watu ambao wenyewe hawajaamua.

Kwa wenzetu wa Tanzania, Desemba ina mtego mwingine. Gauni za Krismasi hazijaisha, sare za shule za Januari zinagonga. Sare hazina mambo mengi: zikate Oktoba na Novemba, ofisi ikiwa imepoa, kitambaa tabaka kwa tabaka, kwa saizi za shule zilizo jirani yako. Desemba ikifika unapinda tu.

Mwenye zipu iliyoharibika na anayetaka kupunguza kiuno wapeni saa yao, tuseme asubuhi moja kwa moja mpaka saa nne, cherehani moja iwe yao. Ukiwaingiza katikati ya gauni kila wanapotokea, hilo gauni halitaisha. Ukiwasukumia mwisho wa foleni, mtu atasubiri wiki mbili kwa kazi ya dakika kumi, na atakuwa na haki ya kununa.

Kuhusu kununa. Mtaalamu mmoja, David Maister, aliandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya watu kwenye foleni, na mawili aliyosema yamekaa benchi lako kila siku: kusubiri bila kujua mpaka lini huonekana kurefu zaidi, na kusubiri huku umerukwa ndiyo kabisa. Mteja uliyemwambia wiki mbili akapata kwa wiki mbili anaondoka anaimba. Uliyemwambia siku tatu akapata kwa siku nane hasahau, ingawa alipata mapema zaidi ya yule. Siku moja kabla ya tarehe mtumie meseji, iko tayari au bado. Kama bado, mpe sababu na tarehe mpya, asije akapanda daladala mbili kufuata hewa.

Mtaniambia, dada, nikisema wiki mbili mteja atakwenda kwa jirani. Wengine watakwenda, ndiyo. Mwenye sherehe ya kesho kutwa mwache aende, maana huyo ungemwangusha na angekupeleka kwenye grupu. Akiwa tayari kulipia haraka, na ile nafasi uliyoibakiza ipo, mshonee kwa bei ya haraka.

Limebaki moja ambalo mnaliandika kwa aibu: shoga, wifi, mama mkwe, wanaokuja wiki ya mwisho na kitenge mkononi na "mimi si mtu wa foleni." Huwezi kuwakataa, na mimi sikwambii ujaribu. Watengee nafasi mbili kila wiki daftarini, kwa wino kabisa. Wa kwanza kufika wanazichukua, na wifi wa tatu mwonyeshe ukurasa, agombane na wenzake.