Stendi ya Nota na Shingo ya Mpiga Tromboni

Miongoni mwa ala za kupuliza zinazotumika katika bendi za makanisa, shule na majeshi nchini Tanzania, tromboni ndiyo inayodai nafasi kubwa zaidi mbele ya mpigaji wake. Mrija wake wa kuvuta huelekea mbele kutoka mdomoni, na kutoka nafasi ya kwanza hadi nafasi ya saba husogea takriban sentimita 60. Sambamba na mrija huo, upande wa kushoto wa uso, hukaa domo pana la ala, lililotanuka kama ua la boga. Katika eneo hilohilo, baina ya macho ya mpigaji na mkono wa mwongozaji, ndipo panapowekwa stendi ya nota. Vitu vitatu vinagombea mahali pamoja, na kwa kuwa chuma hakipindi na karatasi haisogei yenyewe, kinachopinda ni shingo ya mtu.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mno kujadiliwa katika jarida la afya. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 miongoni mwa wanamuziki zaidi ya 2,200 wa okestra za Marekani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1988, ulionesha kwamba asilimia 76 walikuwa na angalau tatizo moja la kiafya lililoathiri upigaji wao kwa kiwango kikubwa. Hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye viti vinavyofaa na stendi ya kutosha. Mpigaji wa kwaya anayejitolea, aliyetoka kazini tangu alfajiri na anayechungulia karatasi moja pamoja na wenzake wawili, hana sababu ya kuwa salama kuliko wao.

Ala hizi si ngeni nchini. Ngoma za beni, zilizoenea kutoka pwani kwenda bara tangu mwishoni mwa karne ya 19 na hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, zilipata jina hilo kutokana na neno bendi. Wamisionari wa Kilutheri na Kimoravia kutoka Ujerumani nao walileta kwaya za matarumbeta, ambazo Wajerumani wenyewe huziita kwa jina la tromboni ingawa ndani yake mna ala nyingine nyingi. Leo, katika Manispaa ya Ilemela kama kwingineko jijini Mwanza, wengi huzijua zaidi kwa harusi, pale matarumbeta yanapopita barabarani juu ya pikapu. Wapigaji wa pikapu hupiga kwa kukariri na hawana stendi. Hatari inayowakabili ni ya pikapu yenyewe, nayo haimo katika somo hili. Wanaozungumziwa hapa ni wale wanaosoma nota wakiwa wameketi au wamesimama, kwa saa mbili au tatu, jioni baada ya jioni.

Tromboni ya kawaida ina uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili. Uzito huo karibu wote hubebwa na mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia sharti uwe huru kuvuta mrija. Kilo mbili si mzigo kwa mtu anayebeba ndoo ya maji, lakini ndoo hutuliwa. Msuli unaoshikilia kitu bila kusogea hujikaza mfululizo, damu hupita ndani yake kwa shida, na baada ya muda huanza kuuma. Msuli unaoumia kwanza kwa mpiga tromboni ni ule mpana unaoteremka kutoka kisogoni hadi begani na kwenye bapa la bega, upande wa kushoto.

Juu ya mzigo huo huongezeka kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5 kikiwa wima juu ya uti wa mgongo. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, alichapisha makadirio ya kihesabu kwamba kichwa kinapoinama nyuzi 15 nguvu inayoielemea shingo hufikia takriban kilo 12, nyuzi 30 kilo 18, na nyuzi 60 kilo 27. Makadirio hayo yalifanywa kwa ajili ya watu wanaoinamia simu, nayo si vipimo vilivyochukuliwa ndani ya shingo ya mtu hai, hivyo hayafai kushikwa kama sheria. Mwelekeo wake ndio unaofaa kukumbukwa: kila stendi inaposhuka, shingo hulipa.

Stendi iliyo chini mno huleta madhara mawili kwa mkupuo. Kichwa huinama, na pamoja nacho domo la tromboni, likaelekea kwenye karatasi. Sauti hugonga stendi na kufifia. Mwalimu wa kwaya, asikiaye sauti hafifu, huamuru tromboni zipulize kwa nguvu zaidi. Mpigaji huinua mabega, hukaza shingo, hubana kipulizio kwenye midomo, na maumivu huzidi bila sauti kuongezeka kwa kadiri ya juhudi. Stendi iliyo juu mno humlazimisha mpigaji kuinua kidevu na kubana nyuma ya shingo, tena humkinga asimwone mwongozaji. Ile iliyo pembeni sana ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu huacha njia wazi kwa mrija na kila kitu huonekana sawa. Kumbe kichwa kimegeuzwa upande mmoja kwa saa nzima huku kipulizio kikivuta midomo upande mwingine.

Namna ya kupata mahali panapofaa ni kuanza na mwili na kumalizia na stendi, si kinyume chake. Mpigaji aketi au asimame wima, stendi ikiwa imeondolewa. Afumbe macho, ainue tromboni hadi mdomoni bila kuinamisha kichwa kuifuata, kisha apulize sauti moja ndefu huku mabega yakiwa yameshuka. Akifumbua macho bila kusogeza kichwa, pale macho yanapotua, au chini yake kidogo, ndipo karatasi inapopaswa kuwa. Mwenzake ndiye ailete stendi mahali hapo. Mpigaji akiileta mwenyewe atalazimika kuteremsha ala, na mkao wote utapotea.

Baada ya hapo avute mrija hadi nafasi ya saba. Ukigusa stendi, stendi isogezwe kando kwa upana wa kiganja au viwili, mrija upite ubavuni mwake. Je, iwe kushoto au kulia? Walimu hutofautiana, na ubishi wao hauna faida kubwa kwa mgonjwa. Urefu wa mkono, umbo la ala na mahali alipo mwongozaji ndivyo vinavyoamua. Kipimo ni kwamba mrija upite bila kugusa, domo liwaelekee wasikilizaji na si karatasi, na macho yaweze kuhama kutoka kwenye nota hadi kwa mwongozaji bila shingo kugeuka. Kwa watu wengi ukingo wa juu wa stendi huishia chini ya kiwango cha macho, karibu na kidevu, na karatasi huwa umbali wa sentimita 60 hadi 80. Ikiwa stendi haiwezi kutoka njiani, basi kiti kigeuzwe kidogo pamoja na miguu, ili kiwiliwili chote kigeuke na shingo ibaki katikati.

Umbali huo una tatizo lake kwa waliovuka miaka 40. Katika umri huo lenzi ya jicho huanza kukosa wepesi wa kusoma karibu, na wengi hununua miwani ya kusomea, pengine kwa mchuuzi wa barabarani. Miwani hiyo kwa kawaida hulenga umbali wa takriban sentimita 40, ule wa kitabu mkononi. Nota zilizo sentimita 70 mbele huonekana zenye ukungu, na mpigaji husogeza uso mbele ili azipate. Mwenye miwani ya sehemu mbili hufanya kinyume: huinua kidevu ili asome kupitia sehemu ya chini. Wote wawili watalalamikia shingo, na hakuna hata mmoja atakayefikiri kwenda kwa daktari wa macho. Anayekwenda apime kwanza kwa kamba umbali baina ya macho yake na stendi, kisha aupeleke kipimo hicho kliniki ili miwani itengenezwe kwa umbali huo. Mwanga nao utoke nyuma ya bega au juu ya stendi. Taa inayomulika usoni humfanya mtu akunje uso na kuinama.

Stendi moja kwa wapigaji watatu haina mahali sahihi. Wawili wanaweza kushirikiana iwapo viti vimegeuzwa kuielekea. Wa tatu hupinda. Kabla ya bendi kununua ala nyingine, yafaa ihesabu stendi zake. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda stendi imara kwa mabomba mawili, moja likiingia ndani ya jingine, pamoja na skrubu ya kukazia kimo. Skrubu hiyo isiachwe, maana stendi isiyopanda wala kushuka humfaa mtu mmoja tu. Katika mazoezi ya nje karibu na ziwa, upepo wa mchana huangusha karatasi na stendi pia. Vibanio vya nguo na mfuko wa mchanga kwenye miguu ya stendi hutosha. Bila hivyo wapigaji huishusha ili isianguke, na shingo hurudi kulekule.

Kwa mhudumu wa afya, ugumu wa kwanza ni kwamba muziki hauandikwi kwenye kadi. Mathalani, mwanamume wa miaka 45 kutoka mwalo wa Igombe au Kayenze anafika zahanati akilalamikia maumivu ya bega la kushoto na shingo. Anaulizwa kazi, anajibu ni mvuvi wa dagaa. Nyavu zinapewa lawama, anaandikiwa diklofenaki, anaambiwa apumzike. Lakini uvuvi wa dagaa hutumia taa usiku, na wakati wa mbalamwezi kali wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Iwapo maumivu yake huzidi katika siku hizo hizo za mapumziko, nyavu haziwezi kubeba lawama yote. Yawezekana ndizo siku anazohudhuria mazoezi ya bendi kila jioni. Swali linalofichua jambo hilo ni jepesi: "Usipokuwa kazini, mikono yako hufanya nini?" Akijibu kuwa hupiga ala, aombwe kuonesha anavyokaa, hata kwa kushika fimbo ya ufagio badala ya tromboni, na aoneshe karatasi huwa wapi.

Diklofenaki na ibuprofeni zina nafasi yake kwa siku chache. Zikitumiwa kila wiki ya mazoezi, kwa kujinunulia dukani, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, humwezesha mtu kuendelea kuumia bila kusikia. Amri ya kuacha kabisa kupiga isitolewe upesi, kwani wengi hawaitii, na wanaoitii hupoteza sehemu ya maisha yao waliyoipenda huku chanzo kikiwa kimo cha stendi. Kinachofaa ni kurekebisha stendi, kupunguza muda wa mazoezi kwa wiki mbili au tatu, kuteremsha ala mapajani kila sehemu ya tromboni inaponyamaza, na kupumzika dakika tano kila baada ya nusu saa. Mtaalamu wa fiziotherapia huongeza mazoezi ya kuimarisha misuli ya bapa la bega. Iwapo hakuna nafuu baada ya wiki sita, mgonjwa apelekwe hospitali ya juu zaidi; kwa wakazi wa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando inapokea wagonjwa wa aina hiyo kwa rufaa.

Zipo dalili ambazo hazisubiri wiki sita wala stendi. Ganzi au udhaifu wa mkono unaoongezeka, maumivu yanayomwamsha mgonjwa usiku, homa, kupungua uzito au kikohozi cha wiki mbili na zaidi vitake uchunguzi mara moja, kwa kuwa kifua kikuu huweza kuushambulia uti wa mgongo. Miguu ikilegea au mkojo ukizuia au kutoka bila hiari, hiyo ni dharura. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria mhudumu akumbuke pia kichocho, ambacho mara chache huuathiri uti wa mgongo na kuleta dalili hizo hizo. Na maumivu ya bega la kushoto au kifua yanayokuja mtu anapopanda ngazi, hata asiposhika ala, ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo.

Watoto wa shule wanahitaji uangalizi wa namna nyingine. Mkono wa mtoto wa miaka kumi kwa kawaida haufiki nafasi ya saba, na mara nyingi hata ya sita. Ili aifikie, husukuma bega la kulia mbele na kukizungusha kiwiliwili chote. Kumrekebishia stendi hakutoshi hapo. Mwalimu amchagulie nyimbo zisizohitaji nafasi za mbali, au ampe tarumbeta hadi mikono irefuke, na stendi yake ishushwe kwa kimo chake kila mara baada ya mkubwa kuitumia.