"Usugu wa insulini": nani aliye sugu?

Shangazi yangu wa Masisi alipoambiwa ana maladi ya sukari, aliacha kutia sukari kwenye chai, lakini bugali hakupunguza. Baadaye muuguzi alimweleza kwamba mwili wake una "usugu wa insulini". Aliporudi nyumbani akaniambia: "Ile dawa imekuwa sugu. Nitachomwa shindano ya nini?"

Kosa si lake. Tuangalie neno "wa". Katika "usugu wa vijidudu", vijidudu ndivyo vilivyo sugu. Shangazi alifuata kanuni hiyohiyo. Lakini kihusishi -a hubeba maana mbili: katika "mapenzi ya mama", mama anapenda au anapendwa?

Biolojia inatoa jibu. Insulini ni homoni ya kongosho inayosaidia sukari kuingia katika seli. Usugu ukitokea, seli za misuli, ini na mafuta haziitikii vizuri. Kongosho huongeza insulini, na likishindwa kutosheleza, sukari hubaki katika damu, hata ile inayotokana na wanga wa bugali. Hali hii inahusiana na kisukari cha aina ya pili, presha, magonjwa ya moyo na mafuta kwenye ini. Kwa hiyo sugu ni seli, insulini haina kosa. Katika kisukari cha aina ya kwanza shida ni nyingine: kongosho halitoi insulini, au hutoa kidogo mno.

Kwa maandishi napendekeza "usugu wa seli dhidi ya insulini". Kwa mazungumzo nilijaribu kitenzi: "Shangazi, mwili hausikii insulini, kama mtoto asiyesikia mama yake. Mama anapaza sauti mpaka anachoka. Ukitembea na kulima, misuli inaanza kusikia tena." Akajibu: "Kumbe dawa iko muzuri, mwili yangu njo haisikie!" Hakuacha matibabu.

Jambo hili lina uzito kwetu. Maelezo ya muuguzi hutoka katika Kifaransa, hupita katika Kiswahili, kisha hufika nyumbani kwa Kihunde huko Masisi au kwa Kinyanga huko Walikale. Kosa la Kiswahili husafiri nayo.

Zoezi: chagua istilahi moja ya afya yenye -a. Mwambie mzee wa kwenu, kisha umwombe akueleze alivyoielewa. Andika maneno yake kabla ya kufungua kamusi.