Usiache Kazi Kabla Mkono Haujazoea Nyingine

Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na akadumu humo hadi 1944. Baadaye alihamia idara nyingine za serikali, ikiwemo ya upimaji wa ardhi. Mashairi na vitabu vingi tunavyomkumbukia leo aliviandika huku akiwa mtumishi wa serikali.

Ninamtaja kwa sababu vijana wengi wakichoshwa na kazi, kitu cha kwanza wanachofikiria ni barua ya kuacha. Naomba barua hiyo isubiri. Kwanza chukua daftari, uandike kwa wiki mbili saa zako za jioni zinakwenda wapi: foleni, simu, mpira, mapishi, watoto. Utaona kama una saa moja, hata mara tatu kwa wiki. Hiyo ndiyo saa ya kazi unayoitamani, na wa nyumbani waambiwe mapema, maana bila wao haitadumu.

Kisha tafuta mtu wa kukufundisha. Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa kuona haya. Siti binti Saad, mwimbaji ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Hakujua kusoma. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba kwa Ali Muhsin, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Hesabu mwenyewe: miaka 17. Sisi tunataka matunda kwa miezi sita, tukiyakosa tunasema hatuna kipaji.

Kwa hiyo mwendee fundi, mwanasheria au mkulima anayeifanya kazi unayoitaka. Usianze kwa kumwomba ajira. Mwombe umsaidie Jumamosi. Beba, fagia, uliza, tazama mikono yake. Ukirudi nyumbani, andika ulichojifunza na ulichokosea. Baada ya miezi kadhaa utajua kama unaipenda kazi yenyewe au ulipenda sifa zake tu, na kulijua hilo mapema kutakuokolea fedha nyingi.

Kama tayari una ujuzi wa gereji, ushonaji au uashi lakini huna cheti, kwa Tanzania ulizia kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu nawe. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa unachokiweza, unafundishwa palipopungua, kisha unapewa cheti.

Kuhusu fedha, mimi nashauri usiache mshahara kabla hujaweka akiba ya kula, kodi na ada kwa miezi sita, na kabla hujapata mteja angalau mmoja aliyelipa na kurudi tena. Mteja wa kwanza anaweza kuwa shemeji yako anayekuonea huruma. Anayerudi amekubali kazi yako.

Daftari la kurasa 40 linatosha. Linunue kesho, na jioni hiyohiyo andika saa yako ya kwanza.