Namba Ndani ya Kisanduku cha Maandishi

Katika toleo hili tunajifunza jambo dogo linalogusa kila shilingi ya michango.

Kisanduku cha kuandikia kwenye kompyuta hupokea herufi tu. "1500" ni maandishi mpaka programu iyageuze kuwa namba, na hapo ndipo makosa huingia. Mfadhili wa Ujerumani huandika 1.500 akimaanisha elfu moja na mia tano. Kwetu hiyo ni moja na nusu. Mhasibu akiinakili ilivyo, fedha za kisima hupotea vitabuni.

Tuwaombe watengenezaji wa programu mambo matatu:

1. Namba igeuzwe mhasibu anapotoka kwenye kisanduku. Ikigeuzwa kila herufi inapobonyezwa, anayeandika 2.5 anaweza kufutiwa nukta kabla hajamaliza.

2. Maandishi yasiyosomeka yakataliwe kwa ujumbe wazi, yasigeuzwe kimyakimya kuwa sifuri.

3. Kiasi kilichosomwa kioneshwe tena kabla ya kuhifadhiwa.

Kabla ya kupokea programu, kamati ijaribu kuandika 1.500, kisha 1,500, kisha herufi O badala ya sifuri. Tukiona majibu yake, tutajua kama tunaweza kumtolea mfadhili hesabu ya kweli.