SOKO LA MAGARI: Jina la Harrier na kinachozungusha magurudumu

Mnunuzi wa Kilosa anayetaka gari dogo la kifahari lenye umbo la gari la porini huanza kutazama jina, kisha rangi, kisha bei. Uvungu wa gari huutazama mwisho, pengine masika yakiwa yamekwisha kuanza.

RAV4 ilitoka mwaka 1994. Herufi zake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya gari la matembezi na starehe, na ile 4 ilisimamia magurudumu manne yanayovuta. Hata hivyo, toleo la mwaka 2000 lenye injini ya lita 1.8, lililouzwa Japani, huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Tarakimu ikabaki mgongoni vile vile. Jina lilikwisha kupata soko, na kiwanda hakikuona sababu ya kulipunguza.

Harrier inafundisha zaidi. Ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997 ikiwa na nembo ya ndege mwindaji, wa jamii ya mwewe, ambaye ndiye mwenye jina hilo. Mwaka 1998 gari lile lile likauzwa Marekani kama Lexus RX 300. Mteja wa huko akapewa herufi badala ya ndege. Msingi wake ni wa Camry, gari la familia. Toyota iliinua bodi, ikapamba ndani, ikamlenga mtu anayetaka kukaa juu bila kurushwarushwa. Kluger nayo Marekani huitwa Highlander.

Kwa mkazi wa Mikumi anayetumia lami ya Morogoro–Iringa, Harrier ya kuvuta mbele inatosha, na mafuta inakula kidogo zaidi. Akikata kona kwenda Kilosa kupitia Ulaya (kata ya wilaya hiyo, si ng'ambo), kisha akaingia njia za vijijini wakati wa mvua, hesabu hubadilika. Hapo Suzuki Escudo za zamani, ambazo nje ya Japani huitwa Vitara, zina fremu ya chuma na gia nzito. Hazina sifa ya ufahari, lakini tope zinalimudu.

Ukweli umo kwenye namba ya chesisi. Kwa Harrier za kuanzia 2003 zenye injini ya lita 2.4, ACU30 huvuta mbele tu. ACU35 huvuta yote manne. Fundi akiinama nyuma asione propela wala difu, jibu limepatikana.

Lipo pia suala la ushuru wa bidhaa. RAV4 ya cc 1,998 hutozwa asilimia 5, Harrier ya cc 2,362 asilimia 10, na gari lililozidi miaka minane huongezewa. Muuzaji asiyetaja namba ya chesisi kabla ya malipo ya awali aachwe na gari lake.