Bakuli la Mtoto Kwanza, Soko Baadaye



Wengi wetu hudhani utapiamlo ni ugonjwa wa mahali penye njaa. Huku mlimani migomba imejaa kihambani, na mtoto hulala ameshiba. Basi mbona wako watoto wafupi kuliko umri wao, wanaougua mara kwa mara? Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto akidumaa katika miaka miwili ya kwanza, ni vigumu sana kumrudishia alichopoteza. Kwa hiyo yafaa tulitazame bakuli lake leo.

Ndizi na mwenzake

Ndizi ni chakula chema. Hutupa wanga, yaani nguvu ya kufanya kazi na kucheza. Lakini protini, inayojenga mwili, imo kidogo sana. Mtori wa ndizi na maji matupu hulijaza tumbo dogo la mtoto kabla hajapata cha kumjenga. Wazee wetu walipika kiburu, ndizi pamoja na maharage, na mtori wenye nyama. Humo ndizi ina mwenzake. Ugali nao hivyohivyo: wahitaji kitoweo na mboga, na unga wa dona una vitamini na madini zaidi kuliko sembe.

Mwenzake huenda wapi?

Asubuhi maziwa humwendea mnunuzi. Mayai na maparachichi huteremka Kiboriloni au Mbuyuni. Ulezi hununuliwa kwa ajili ya mbege, na mtoto hapati hata uji wake, ingawa ulezi una madini mengi ya kujenga mifupa. Nyama ikiwa kidogo humwendea baba, na mtoto hupewa mchuzi. Mchuzi una ladha, lakini protini nyingi imebaki katika nyama.

Hatusemi msiuze. Sare, daftari na sabuni zahitaji fedha. Twasema: pimeni kwanza kikombe cha mtoto, kisha uzeni kinachobaki.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6. Kisha aanze vyakula laini, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

2. Uji au mtori wake uwe mzito, usiomwagika upesi kijikoni. Utiwe walau kimoja kati ya hivi: maziwa yaliyochemshwa, maharage yaliyopondwa, karanga zilizosagwa, yai lililoiva, dagaa waliosagwa au nyama iliyokatwakatwa ndogo sana.

3. Mboga za majani ziliwe kila siku: mnafu, mchicha au majani ya maboga. Zioshwe kabla ya kukatwa, zisipikwe mno, na zitiwe mafuta kidogo au karanga, kwa kuwa mwili hupokea vitamini A vizuri zaidi penye mafuta.

4. Maharage na mboga za majani zina madini ya chuma, ya kuongeza damu. Tuyale pamoja na chungwa au papai, ili mwili uyapokee vyema. Chai huzuia kazi hiyo. Inywe baada ya saa moja au zaidi, wala si pamoja na chakula. Mama mjamzito na azingatie hili sana.

5. Mtoto apelekwe kliniki kupimwa uzito na urefu, hata akionekana mzima.

Akina baba, jambo hili si la jikoni tu. Anayeamua ng'ombe atoe maziwa ya nani, na fedha ya ndizi inunue nini, ndiye anayeamua kimo cha mtoto wake.

Maswali ya kujadiliana

1. Jana mtoto wako mdogo alikula nini, mbali na ndizi au ugali?

2. Nyumbani kwenu, ni nani hupima maziwa ya kuuza, na ni kiasi gani hubaki?

3. Ni chakula gani kihambani mwenu huuzwa chote, ambacho kuanzia juma hili mwaweza kumwachia mtoto sehemu yake?